Bibi Alikuwa Anaelewa Kila Neno

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, mwanamke wa miaka 34. Nakuandikia kuhusu siku moja tu, siku ya kwanza ya safari yangu na rafiki yangu kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, Desemba iliyopita. Tulikaa kule siku sita, lakini zile tano zilizofuata sina la kueleza. Yote yaliharibika siku ya kwanza, kati ya kushuka ndege na chakula cha usiku.

Rafiki huyu tumejuana tangu kidato cha kwanza. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwetu mpaka arobaini ikaisha. Miaka miwili tuliweka akiba kwa ajili ya safari hii, kila mwisho wa mwezi, nusu yangu nusu yake. Kwenda Ngazija lilikuwa wazo lake, ila mlima ulikuwa wangu. Nimefundisha volkano kwa miaka tisa. Kila mwaka nachora ubaoni volkano ngao, ile yenye mteremko wa polepole, na mfano ninaowapa wanafunzi ni Karthala: mita 2,361, ililipuka mara mbili mwaka 2005, ikarudia 2006 na 2007. Nilitaka kusimama ukingoni mwa kreta nitazame chini. Sikutaka kingine.

Tulikubaliana hivi. Siku ya kwanza Moroni, mji mkuu, tupumzike, tuuone mji wa kale na msikiti wa zamani wa Ijumaa pale bandarini. Siku ya pili, usiku wa manane, kiongozi wa mlimani atuchukue twende kijiji cha Mvouni tuanze kupanda. Mipango yote na kiongozi aliifanya yeye, kwa kuwa anajua Kifaransa.

Ndege kutoka Dar es Salaam ni saa moja na ushee. Kisiwa kilipotokea dirishani, nusu yake ilikuwa ndani ya wingu, nikajua hapo ndipo mlima ulipo. Tulishuka Hahaya, tukalipia viza, tukatoka nje kwenye jua. Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa amesimama pale. Alimtazama rafiki yangu usoni, akaanza kulia. Rafiki yangu akaniambia, "Huyu ni binamu yangu. Nitakueleza."

Nilielezwa ndani ya gari. Kwamba marehemu baba yake alikuwa Mngazija nilijua siku zote, kama ninavyojua asili ya mtu yeyote niliyesoma naye. Nisichojua ni kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akimtafuta bibi yake mzaa baba, na alikuwa amempata, na tulikuwa tunakwenda kwake. Nikauliza, na mlima? Akajibu akiangalia mbele: kiongozi alikwishamwambia asije.

Barabara ya kutoka Hahaya inapita juu ya lava. Mawe meusi yameshuka kutoka mlimani mpaka yakaingia baharini, na minazi imeota juu ya mawe hayo hayo. Kila nilichowahi kukifundisha kilikuwa nje ya kioo, nami nilikuwa nauma meno. Tulipofika Moroni niliomba tusimame msikitini dakika tano. Binamu alisema kwa upole kwamba watu wanangoja. Tukapita, tukashika njia ya kusini mpaka kijijini kwao.

Nyumba ilijaa wanawake. Walizungumza Kingazija, nami nilishika labda neno moja katika matano. Niliamkia kila mtu shikamoo. Wakawa wanasema marahaba, marahaba, nikadhani wananiitikia, kumbe kwao marahaba ni asante. Shangazi yake alinichotea ndoo ya kuogea kutoka kwenye tangi la maji ya mvua. Najua thamani ya maji yale. Ngazija haina mito, lava inakunywa mvua yote, nimelitungia na swali la mtihani. Nilioga kwa hasira nikaimaliza ndoo, nikaomba ya pili. Nikaletewa.

Baada ya magharibi wakatandika chakula: wali, samaki, na kisamvu cha nazi wanachokiita mataba. Rafiki yangu alikuwa amekaa miguuni pa bibi yake kama mtoto. Nikamwita pembeni, hatua chache tu, mlangoni. Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka: "Umenileta huku nikushikie mkoba wakati unalia? Na hawa watu, wangekuwa wanakutaka, si wangekutafuta? Miaka thelathini!"

Chumba kikawa kimya. Bibi, mtu anayekaribia miaka tisini, akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu: "Mwanangu, njoo ule. Chakula kinapoa. Maneno hayapoi."

Kumbe ujana wake wote aliishi Unguja. Hata baba yake rafiki yangu alizaliwa kule. Waliondoka baada ya Mapinduzi.

Nilikula. Hakuna aliyenigusia, si siku ile, si siku zilizofuata. Mlima sikuupanda, na kila nilipotazama juu ulikuwa na wingu. Tuliporudi tukawa watu wa salamu tu. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na kifurushi cha lavani, yaani vanila, iliyofungwa kwa uzi, akasema, "Bibi kasema hii ya mwalimu." Halafu akaniambia anarudi Julai, na anataka twende wote. "Safari hii mlima kwanza, na nalipa mimi." Sijamjibu.

Mshauri, naona haya kumtazama yule bibi. Lakini pia bado nina hasira, na naona haya kwa kuwa nayo. Nimwombe Bibi radhi vipi, ikiwa hajawahi hata kukiri kwamba nilimkosea? Na mtu aliyesema maneno kama yale ana haki gani ya kusema kwamba naye alidanganywa? Niende au nisiende?

Mwalimu, Dar es Salaam

* * *

Marahaba, mwanangu. Ile yetu ya kuitikia, na ile ya kwa Bibi pia, kwa kuniandikia bila kujipamba.

Unasema yote yaliharibika siku moja. Mimi naona siku hiyo yalitokea mambo mawili, asubuhi moja na usiku moja, nawe umeyafunga pamoja mpaka hayafunguki. Asubuhi ulifichwa jambo. Usiku ulimuumiza mtu. Kwa kuwa la usiku unalionea haya, umeona huna tena ruhusa ya kulitaja la asubuhi. Miezi yote hii unalibeba, na ndiyo maana hasira haijaisha.

Kwa hiyo nianze na la asubuhi, kwa kuwa ndilo ulilolinyima nafasi. Ulifichwa kweli. Nusu ya akiba ilikuwa yako, likizo ilikuwa yako, na mwalimu hapati likizo nyingine akitaka. La kukutana na ndugu uwanjani naweza kulielewa upesi. Linalonigusa zaidi ni la kiongozi. Alijua mlima ule ni kitu gani kwako, akauondoa kwenye safari bila kukuuliza, akangoja uingie ndani ya gari isiyo na pa kushukia. Maneno yako ya usiku hayalifuti hilo. Mtu anaweza kudaiwa na kudai, hata na mtu mmoja, hata siku moja.

Hata hivyo nina swali, na ningependa ulijibu ukiwa peke yako kabla ya kumjibu mtu mwingine. Kama angekuambia tangu mwanzo, "Nimempata bibi yangu, nataka tukienda Ngazija siku ya kwanza iwe yake", ungekwenda? Ukiniambia ungekwenda, basi kinachokuuma si kijiji wala chakula wala machozi ya watu usiowajua. Kinachokuuma ni kwamba mtu wa tangu kidato cha kwanza hakuamini kwamba ungesema ndiyo. Na ukiniambia pengine usingekwenda, au ungekwenda ukinung'unika, basi huenda aliogopa kitu kilichokuwepo. Sikuulizi ili nikutie hatiani. Majibu haya mawili yanazaa mazungumzo mawili tofauti kabisa.

Neno lako la mkoba nalo nataka tuliguse. Umeamini kwamba alikuchukua umsindikize tu. Inawezekana. Ila tazama alikokuwa anakwenda. Ngazija nyumba hufuata wanawake. Mama humpa binti, binti humpa binti yake, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ardhi ya ukoo wa mama ina hata jina lake, manyahuli. Nyumba ile uliyokula wali ni ya Bibi, kisha itakuwa ya shangazi, kisha ya mabinti wa shangazi. Binti aliyezaliwa na mtoto wa kiume, Dar es Salaam, kwa mama wa Dar es Salaam, anaingia mle bila chochote cha kudai, na pengine akihofia kwamba watu watadhani amekuja kudai. Mtu anayekwenda kwenye mlango kama huo, bila kujua utafunguliwa kwa uso gani, anamchukua nani? Na anamwambia nini mwenzake kabla, ikiwa yeye mwenyewe hana hakika kama kutakuwa na cha kusimulia? Wako wanaoficha kwa kudharau, na wako wanaoficha kwa sababu jambo wakilitamka likashindikana watalizika mara mbili. Wewe umeishi naye miaka yote hii, utajua yeye ni yupi. Mimi nakuomba tu usichague jibu kabla hujamsikia.

Mwili pia ulikuwepo siku ile. Uliamka kabla ya alfajiri, ukaruka bahari, ukapigwa jua la Hahaya, ukakaa kutwa nzima katikati ya lugha ambayo inafanana na yako kiasi cha kukuchosha kuifukuzia. Siku ya kwanza ya safari watu wazima hugombana kwa begi. Wewe ulikuwa na sababu kubwa kuliko begi.

Sasa la usiku. Uliuliza: wangekuwa wanamtaka, si wangemtafuta? Liliposemwa na wewe lilikuwa kisu. Lakini mwanangu, nadhani swali hilo rafiki yako alilibeba kabla yako, na Bibi pia, upande wake. Hebu lichukue kama mwalimu. Bibi alikuwa mmoja wa Wangazija wa Unguja, watu waliokuwa na misikiti, madarasa na makaburi yao pale kwa vizazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao wakaondoka. Akarudi kisiwani na watoto. Mwanawe mmoja akaja Dar es Salaam, akaoa, akafariki. Rafiki yako kama ni rika lako, na hiyo miaka thelathini ni sahihi, basi msiba huo uliangukia miaka ya tisini katikati. Septemba 1995, Mfaransa Bob Denard na mamluki wake walitua Ngazija usiku, wakampindua Rais Djohar wa Komoro, mpaka jeshi la Ufaransa lilipokuja kuwaondoa wiki moja baadaye. Mjane yuko Dar na mtoto wa miaka minne, mama wa marehemu yuko kijijini chini ya mlima, na kati yao iko bahari na nchi isiyotulia. Barua ingeandikwa kwenda mtaa gani? Sisemi hawakuweza kabisa. Nasema swali lile lina jibu refu, na mwenye jibu bado yu hai, na anazungumza Kiswahili kizuri kuliko chetu.

Umelisoma neno lake, "maneno hayapoi", kama hukumu. Huenda ilikuwa hukumu. Mimi nilipolisoma nilisikia pia mtu anayesema: hili ulilolisema litakuwepo hata kesho, tutalizungumza likiwa na wakati wake, kwanza ule. Ni wewe uliyeisikia sauti yake, si mimi. Lakini unasema hajakiri kwamba ulimkosea, nami natazama lavani. Mmea ule hauchavushwi na mdudu huko Komoro. Kila ua huguswa kwa mkono, asubuhi lilipochanua, kisha ganda hungojewa miezi mingi likomae na kukaushwa. Mwalimu, huo si mzigo wa kumtumia mtu uliyemfunga nje. Na kabla ya lavani kulikuwa na ile ndoo ya pili. Mwaka 2005 majivu ya Karthala yalianguka kwenye matangi ya kisiwa kile na kuyachafua, watu wakabaki mvua inanyesha na hawana cha kunywa. Walioiona kiu hiyo walikuletea ndoo ya pili bila kuuliza, na hapo ulikuwa hujawaambia hata jina lako vizuri.

Unataka kujua ufanye nini. Ziko njia, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kumwomba Bibi radhi sasa, bila kungoja Julai. Watu wengi siku hizi wangetuma sauti kwa simu. Fikiri lakini simu ya nyumba ile inakaa kwa nani. Sauti yako itasikilizwa na shangazi, na mabinti, na jirani aliyekuja kuazima kitu, na pengine wako ambao siku ile hawakuelewa ulichosema na sasa wataelewa. Barua ya mkono, kwa Kiswahili, akasomewa na mtu mmoja, ina usiri zaidi lakini ni ya polepole, na Bibi anakaribia miaka tisini. Ukichagua kungoja umwambie ana kwa ana, ambalo ndilo la heshima kubwa kwa mtu wa umri ule, unakubali kwamba huenda usimkute. Sikutishi. Wewe mwenyewe ulimzika mama, unajua.

Unaweza kuanza na rafiki yako. Hapa ningekuwa na uangalifu na mpangilio. Ukianza na radhi, kuna hatari utamalizia hapo hapo, mkumbatiane, mlie, na la kiongozi lirudi chini ya mkeka. Ukianza na dai, ataona umekuja kulipiza. Labda uyaseme yote mawili ndani ya pumzi moja: "Nilisema neno baya, na nilikuwa nimefichwa. Nataka tuyazungumze yote." Hatari iliyopo ni kwamba naye atakuwa na lake. Alikuwa ndiyo kwanza amepata familia, siku ya kwanza, na sauti aliyoisikia ikimwambia hawakutaki ilikuwa ya kwako. Uwe tayari kulisikia hilo hadi mwisho bila kujitetea.

Mwaliko wenyewe una kitu kinachonipa wasiwasi kidogo. "Mlima kwanza, na nalipa mimi." Inaonekana anajua anachodaiwa, na hilo ni jema. Lakini mlima ukiwa malipo, mtaupanda kama watu wanaofunga hesabu. Mkishuka mtaona hesabu imefungwa na bado hamjazungumza. Na kama Karthala itafunikwa na wingu tena, je? Julai ni kiangazi kule, mna bahati kubwa kuliko Desemba, ambayo wewe mwenyewe ungewaambia wanafunzi ni mwanzo wa mvua za kisiwa. (Mlima wa Desemba ungeweza kukunyima hata kama kiongozi angefika. Hilo halimsafishi rafiki yako. Linakupunguzia tu ulichokipoteza.) Unaweza kwenda ukajilipia mwenyewe. Unaweza kwenda ukafikia Moroni, ukapanda mlima wako, ukauona msikiti wako kwa saa nzima badala ya dakika tano, kisha ukaenda kwa Bibi siku moja ukiwa mgeni aliyekuja kwa miguu yake. Rafiki yako anaweza kuona umejitenga, na huo ndio ubaya wa njia hiyo. Unaweza pia kukataa kwa Julai hii na bado ukawa rafiki yake, mradi umwambie sababu ya kweli, maana ukisingizia kazi ataelewa, kama Bibi alivyoelewa.

Usiamue wiki hii. Chukua ile lavani, usiiweke kabatini kama ushahidi. Pika nayo kitu, umwite rafiki yako mle. Atakuuliza kama imefika salama, na hapo utakuwa na mlango wa kuingilia mazungumzo usiohitaji kuubisha. Ukishamsikia, ndipo ujiulize kuhusu ndege.

Na ukimwandikia Bibi, usijaze karatasi kwa radhi. Mwambie mstari mmoja kwamba neno ulilolisema mlangoni lilikuwa la hasira yako na halikuwa lao. Kisha mwulize jambo. Mwulize mwanawe alikuwa mtoto wa namna gani alipokuwa Unguja. Swali hilo nadhani hajaulizwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na jibu lake utalisoma ukiwa na rafiki yako.